Jezi za sufu, glavu na magongo: namna ya kutunza na kuonyesha vifaa vya kale vya besiboli nyumbani

Mwezi uliopita shemeji yangu alinipigia simu saa tatu usiku. Nyumba ya babu yake inauzwa, na kule darini wamekuta sanduku la bati. Ndani yake mna jezi ya sufu ya timu ya kiwanda, glavu iliyokauka kama ng'onda, magongo mawili na mpira mmoja mweusi tii. "Dada yako anasema wewe ndiye mwenye mambo haya. Niifue kwanza hiyo jezi?" Nilipiga kelele mpaka mtoto akaamka.

Kesho yake nilikwenda kwake na tukashinda siku mbili tukihangaika na lile sanduku. Haya ndiyo tuliyofanya, pamoja na yale niliyojifunza kwa kuharibu vyangu mwenyewe. Naishi Worcester, Massachusetts, lakini nimekulia Ilala, Dar es Salaam, mama akiuza mitumba soko la Karume. Jezi za besiboli tulikuwa tunazitoa kwenye belo na kuzivaa bila kujua mchezo wenyewe unachezwaje. Na nikiandika "gongo" hapa, ni lile la kupigia mpira. Lile lingine halihitaji mwongozo.

Hatua ya 1: Chagua kimoja

Usiseme unakusanya besiboli, utafilisika. Jezi aliyovaa Babe Ruth, nguli wa besiboli, kwenye fainali za 1932 iliuzwa mnadani mwaka 2024 kwa zaidi ya dola milioni 24, kwa hiyo ya wakubwa tuwaachie wakubwa. Mimi nakusanya jezi za timu za viwanda, shule na miji midogo. Kitambaa ni kile kile na washonaji ni wale wale, Spalding, Rawlings, Wilson, Goldsmith, lakini bei yake mtu wa mshahara anaimudu.

Najua wengi wetu moyo unatupeleka kwenye Negro Leagues, ligi za zamani za Wamarekani weusi: timu kama Homestead Grays na Kansas City Monarchs, wachezaji kama Josh Gibson na Satchel Paige. Wangu pia. Jezi halisi za timu hizo ni adimu mno, na za kughushi zimejaa. Ukiitiwa moja kwa bei ya kutupa, shukuru na uondoke. Nenda ukazione historia zao kwenye jumba lao la makumbusho Kansas City.

Hatua ya 2: Kununua kwa jicho la mitumba

Huku kwetu mahali pazuri ni Brimfield, gulio la vitu vya kale linalofanyika Mei, Julai na Septemba. Fika alfajiri, uwe na tochi na noti ndogondogo.

Jezi igeuze ndani nje, kama tunavyofanya Karume. Tazama lebo ya kolani: matundu ya sindano yanalingana na uzi uliopo, au kuna matundu ya zamani pembeni yaliyoachwa wazi? Inua kidogo ukingo wa herufi. Chini ya herufi ya kale sufu huwa na rangi iliyokolea kuliko pembeni, kwa sababu jua halikufika. Ikiwa rangi ni moja kila mahali, herufi hiyo huenda imeshonwa juzi.

Tarehe chache za kubeba kichwani. Polista ya kuvutika iliingia ligi kuu mwaka 1970, Pittsburgh Pirates wakiwa wa kwanza. Kabla ya hapo ilikuwa flaneli, sufu tupu au sufu na pamba. Namba mgongoni zilishika mizizi kuanzia 1929, kwa New York Yankees na Cleveland. Glavu yenye wavu wa kamba kati ya kidole gumba na cha shahada ni mtindo wa Bill Doak na Rawlings, kuanzia 1920 hivi. Gongo lenye jina Hillerich & Bradsby haliwezi kuwa la kabla ya 1916, hata muuzaji aape kwa mama yake.

Watu watakuambia ununue tochi ya UV (mionzi ya urujuanimno): uzi wa kisasa unang'aa buluu, wa kale haung'ai. Ni kweli, ila kuna mtego. Kinachong'aa mara nyingi ni kemikali za kung'arisha zilizomo kwenye sabuni za unga, ambazo zilienea baada ya Vita Kuu ya Pili. Jezi halisi ya 1935 iliyofuliwa na mjukuu mwaka 1985 nayo itang'aa kama disko. Ninachotafuta mimi ni tofauti: nguo yote imetulia, halafu mshono wa namba peke yake unawaka.

Mipira yenye saini sinunui. Mwishoni mwa miaka ya 1990 FBI walivunja mtandao mkubwa wa waghushi wa saini kule California, na bidhaa zao nyingi zilikuwa zimeshaingia majumbani mwa watu.

Hatua ya 3: Usifue

Usifue. Sufu itasinyaa, herufi zitachuja, na lile doa la udongo mwekundu kifuani ndilo linaloonyesha kwamba mtu aliteleza kukiwahi kituo. Tandaza nguo juu ya meza, funika mdomo wa bomba la vakyumu kwa chandarua, weka nguvu ya chini kabisa, pitisha taratibu. Basi.

Hatua ya 4: Friza

Hapa ndipo nilipoteza jezi yangu ya kwanza, kwa hiyo nivumilie.

Adui wa sufu ni nondo wa nguo, kipepeo mdogo wa rangi ya majani makavu, mrefu kama punje ya mchele. Yule anayeruka hali chochote. Anayekula ni buu lake, na buu hupenda sufu chafu kuliko safi: jasho la shingoni, kwapani, mate ya tumbaku kifuani. Jezi ya kale isiyofuliwa kwake ni pilau. Na kwa kuwa hatua ya 3 imekukataza kufua, huna budi kumuua kwa baridi.

Kabla ya friza, kagua. Chukua karatasi nyeupe, tikisia nguo juu yake. Ukiona vipunje vya rangi ya nguo yenyewe, kama mchanga, hicho ni kinyesi cha mabuu. Ukiona vijifuko vya nyuzinyuzi vilivyojishika kwenye mishono, hizo ni nyumba zao. Zitoe kwa kibanio moja moja. Kwenye jezi ya shemeji nilitoa 31, nyingi chini ya kola. Usipoviona usijipe moyo, mayai huwezi kuyaona vizuri kwa macho. Kila sufu inayoingia kwangu inapita friza, hata itoke kwa nani.

Sasa yangu ilivyoharibika. Nilikuwa na jezi ya rangi ya maziwa, herufi nyekundu za feluti. Niliitia kwenye mfuko wa plastiki, nikaiweka juu ya mifuko ya kuku kwenye friji la jikoni kwa siku tatu. Siku ya tatu, Jumamosi ya Julai, joto na unyevu umetanda, nikaitoa na kuufungua mfuko palepale ili nione. Ndani ya dakika chache nguo ikalowa kama imeanikwa kwenye umande, maana hewa ya moto ilikutana na kitambaa cha baridi. Nyekundu ikaanza kutembea. Nikaipangusa kwa taulo, ikatembea zaidi. Mpaka saa nane za usiku bado niko mezani na karatasi za kunyonya maji, naweka, naondoa, naweka. Herufi zile hadi leo zina kivuli cha waridi. Na miezi miwili baadaye nikaona tundu jipya begani: siku tatu hazikutosha hata kuwaua.

Namna sahihi ni hii:

Tumia friza yenyewe, siyo kile kisanduku cha juu cha friji kinachofunguliwa kila mtu akitaka barafu. Weka kipimajoto ndani usiku mzima. Unataka nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi zaidi. Ikiwa namba hiyo haifikiwi, tafuta friza ya jirani. Friza nyingi za siku hizi hujiyeyusha barafu zenyewe, na joto lake hupanda na kushuka, ndiyo sababu mimi siamini kwamba wiki moja inatosha.

Funga nguo kwa karatasi laini isiyo na asidi, ikunje kwa ulegevu ukijaza mikunjo kwa karatasi hiyohiyo. Itie kwenye mfuko mzito wa plastiki, kamua hewa yote kwa mikono, funga, halafu itie kwenye mfuko wa pili na ufunge tena. Karatasi iliyomo itanyonya unyevu kidogo uliobaki. Andika tarehe juu ya mfuko. (Mke wangu anaongeza: andika pia "SI NYAMA".)

Wiki mbili ndani. Itoe, iache ikiwa imefungwa vilevile kwa siku nzima, saa 24, juu ya meza. Maji yatajikusanya nje ya mfuko, nje ndipo tunapoyataka. Usifungue hata ukisikia mtu anagonga mlango anataka kuiona. Kisha irudishe wiki mbili nyingine. Ile mara ya pili ni kwa ajili ya waliovumilia mara ya kwanza. Ukimaliza, subiri tena saa 24, fungua, pitisha vakyumu tena kutoa maiti.

Naftalini sitaki kuisikia. Najua kila sanduku la bibi lilinukia hivyo, na kanga zilipona. Lakini mvuke wake si mzuri kwa mapafu, harufu haitoki kwenye sufu, na unaweza kudhuru vifungo vya plastiki. Mbao za mierezi zinanukia vizuri, kazi yake ni ndogo. Mitego ya gundi yenye harufu ya jike hunasa madume tu. Ninayo miwili kabatini, kazi yake ni kuniambia kama vita imeanza, haiwezi kuimaliza.

Glavu siigandishi. Ngozi kuukuu, sufu ya kujazia, kamba, vyote vinasinyaa kwa mwendo tofauti. Nikiwa na shaka naifungia peke yake kwenye mfuko angavu miezi miwili, juu ya karatasi nyeupe, nione kama kuna kinachoanguka.

Hatua ya 5: Glavu

Weka chini chupa ya mafuta. Kila duka la michezo litakuuzia mafuta ya kwato za ng'ombe, na kwa glavu ya kuchezea sina ugomvi. Kwa glavu ya mwaka 1925 mafuta hayo yanaifanya nyeusi, yanavuta vumbi, yanaozesha nyuzi za mishono, na ukishatia huwezi kuyatoa. Glavu isiyochezewa tena haihitaji ulaini. Brashi laini, kitambaa kikavu, imekwisha. Ikiwa inaacha unga mwekundu vidoleni, ngozi yenyewe inaoza. Ishike kidogo kadiri iwezekanavyo.

Ijaze ndani kwa karatasi isiyo na asidi, kidole kwa kidole, kwa umbo inalotaka yenyewe. Ya shemeji ilikuwa imelala bapa miaka mingi. Tulijaza kidogo siku ya kwanza, tukaongeza ya pili, na hapo tu ndipo lilipoonekana jina la babu, limechomwa kwa msumari wa moto ndani ya mkanda wa kifundo. Usimruhusu mtu aivae. Kila mgeni atataka kuivaa.

Hatua ya 6: Magongo na mipira

Gongo lifute kwa kitambaa kikavu. Usipige msasa, usipake vanishi, na lami ya mshikioni iache ilivyo. Lilaze kwa mlalo kwenye vishikio viwili vilivyovikwa feluti ya pamba, mbali na kipasha joto cha ukutani, la sivyo mbao itapasuka kwenye mshipa.

Mpira uweke juu ya kipete cha plastiki. Usiusugue kwa mkate wala maziwa, hata kama mjomba wa mtu alifanya hivyo.

Hatua ya 7: Jezi ukutani

Kwanza, hanga ya waya kwenye msumari hapana. Sufu ni nzito, mabega yatachomoza pembe kama ng'ombe.

Mimi nashona. Ubao wa karatasi ngumu isiyo na asidi, uvike pamba nene kisha kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila rangi. Kata kipande cha pili kidogo kufuata umbo la kifua, kiingize ndani ya jezi kama mwili. Kisha shona kwa uzi wa pamba na sindano nyembamba ukipita katikati ya nyuzi za kitambaa, kamwe usitoboe uzi wenyewe: mabega, ukingo wa kola ndani, kwapani, pindo la chini. Mishono mifupi, iliyolegea, isiyozidi kumi na mbili. Usitumie gundi, pini za chuma wala steplaa. Fundi wa fremu atakuambia gundi yake ni salama. Mlipe fremu, kazi ya ndani ifanye mwenyewe.

Kioo kisiguse nguo, acha nafasi ya vidole viwili. Chagua akriliki inayozuia UV. Mwaloni mbichi ndani ya fremu hapana, unatoa mvuke wenye asidi.

Hatua ya 8: Mahali

Ukuta usiopigwa na jua, si jikoni, si chini ya ardhi kwenye unyevu, si juu ya meko. Kile kizuizi cha UV kinapunguza tu madhara, mwanga wa kawaida nao hufifisha. Taa za LED, zizimwe mkiondoka chumbani. Mimi nina fremu nne na jezi kumi na moja. Kila miezi minne nabadilisha, zinazotoka zinalala bapa gizani kwenye boksi lisilo na asidi.

Nyuma ya fremu bandika bahasha, ndani yake karatasi iliyoandikwa kwa penseli: imetoka kwa nani, imepatikana wapi, iligandishwa lini. Kwenye ya shemeji tuliandika jina la babu, kiwanda, na "friza mara mbili". Kisha dada yangu akachukua penseli akaongeza chini yake kwamba lile doa la kwenye mkono wa kushoto si la kale, ni chai yangu.