Jinsi ya kujijibu maswali yako ya sayansi ukiwa geto, bila maabara

Mi nimekulia Dar. Kwa bibi kulikuwa na mtungi kwenye kona ya sebule, umefunikwa na sahani, juu yake kata, na maji yake yalikuwa ya ubaridi wa kawaida tu, unakunywa kiu inaisha basi. Alafu nikaja Dodoma kusoma, siku moja mama mwenye nyumba akanichotea maji ya mtungi wake, mchana wa mwezi wa tisa jua linawaka mpaka mabati yanalia, nikanywa nikahisi meno yanauma. Nikamuuliza mama, humu mmeweka barafu? Akacheka sana. Friji yenyewe hana.

Nikarudi geto sina amani. Mtungi ni udongo, kwetu ni udongo, maji ya bomba huku na maji ya bomba kule, sasa kwanini huku yanapoa hivi na kwetu hayapoi?

Kama na wewe kichwa chako kinakusumbua na vitu vya namna hii, uko kwenye daladala unawaza mbona mwezi unatufuata, uko jikoni unawaza mbona kitunguu kinaliza na karoti hailizi, basi naandika hii kwa ajili yako. Sio kila swali lazima ugugo. Mengi unaweza kujijibu mwenyewe na vitu vilivyopo ndani, na ukijijibu mwenyewe halitoki kichwani mpaka uzeeke. Nitaeleza navyofanya mimi, makosa yangu yakiwemo.

Kwanza kabisa tafuta daftari. Mi natumia kaunta buku ya kwaya mbili, wengine wanaandika kwenye simu, sawa, ila simu ikiibiwa na maswali yako yameondoka. Swali likija liandike palepale na uandike ULICHOKIONA, sio swali peke yake. Ukiandika "kwanini mtungi unapoza maji" baada ya wiki mbili hilo ni swali la mtihani wa kidato cha pili, halina ladha. Andika: leo saa nane mchana, Dodoma, kivulini, hakuna mawingu, kuna upepo, mtungi kwa nje umelowa kama unatoka jasho, maji baridi sana. Unaona hapo? Hilo jasho niliandika bila kujua kama lina maana yoyote na ndo lilikuja kunipa jibu.

Ya pili ndo watu wengi tunaanguka, tunakimbilia "kwanini" kabla hatujauliza "ivi ni kweli?"

Hapa lazima nimlete Erasto Mpemba, maana ni mwenzetu kabisa. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu Magamba Sekondari, kule Lushoto. Wanafunzi walikuwa wanatengeneza aiskrimu, unachemsha maziwa, unaweka sukari, unasubiri yapoe ndo unaingiza kwenye friji. Nafasi kwenye friji ilikuwa ya kugombania. Siku hiyo mwenzie kaona Mpemba anachemsha, yeye akachanganya maziwa yake na sukari bila hata kuchemsha akakimbilia kuweka, Mpemba akaona nikisubiri yapoe nakosa trei, akaingiza ya kwake yakiwa ya moto. Wanarudi baada ya saa moja na nusu, ya Mpemba yameganda, ya mwenzie bado uji uji. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa umechanganya mambo, hiyo haiwezekani.

Sasa angalia alichofanya baada ya hapo, maana ndo somo lenyewe. Likizo akakutana na rafiki yake anayeuza aiskrimu Tanga mjini, jamaa akamwambia sisi tunaweka ya moto, inawahi kuganda. Alivyofika shule ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akachekwa darasani, ikawa kila akikosea kitu wanamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba. Akaenda mwenyewe akajaribu na maji, bika mbili (vile vikombe vya maabara) za ujazo sawa. Alafu siku mhadhiri wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, Dr. Denis Osborne, alipotembelea shule, Mpemba akanyanyuka akauliza: ukichukua vyombo viwili vyenye maji ujazo sawa, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukaweka kwenye friza, cha nyuzi 100 kinaganda kwanza, kwanini?

Osborne hakukimbilia kwanini. Alimuuliza kwanza kama kweli amejaribu, akaahidi akirudi Dar atapima. Na aliweza kupima kwa sababu swali lilikuja na namba. Ujazo sawa, 35, 100, friza. Angeuliza tu "mbona vya moto vinawahi kuganda" ingekuwa stori ya kijiweni. Basi fundi wa maabara wa chuo akajaribu, akaripoti kwamba kweli ya moto yameganda kwanza, ila akasema wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi 😂. Hiyo usiifanye wewe. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha kwa pamoja, na mpaka leo dunia nzima inaita Mpemba effect.

Na bado haijaisha. 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza, Royal Society of Chemistry, kilitangaza shindano la kuieleza, yakaja majibu zaidi ya 22,000. Elfu ishirini na mbili za "kwanini"! Alafu 2016 wanasayansi wawili, Burridge na Linden, wakarudi kwenye lile swali dogo, ivi ni kweli? Wakapima kwa makini kwenye maji, hawakuona ushahidi wa kueleweka, wakaonyesha kwamba hata ukipandisha au kushusha kipimajoto sentimita moja tu ndani ya chombo unaweza kupata matokeo yanayofanana na ya Mpemba. Wapo wasiokubaliana nao, ubishi unaendelea. Mi simwoni Mpemba kama alikosea, aliona alichoona na akajaribu wakati wengine wanacheka.

Haya, turudi kwenye mtungi wangu.

Nikajiambia kabla ya kwanini, nipime. Nikachukua chupa mbili za maji za nusu lita, nikajaza kutoka ndoo moja, moja nikaivika kitambaa cha kanga kuukuu nimekilowesha, nyingine nikaiacha uchi, zote dirishani kivulini. Kipimajoto nikaazima kile cha homa cha jirani. Usicheke. Nakichomeka kwenye maji kinaniandikia "Lo", natoa, nachomeka tena, "Lo", nikajua kibovu kumbe kimetengenezwa kwa ajili ya mtu, maji ya nyuzi ishirini na kitu kwake ni maiti. Ikabidi niazime cha kioo kwa jamaa anayesoma kemia, kile chenye mstari mwekundu, sifuri mpaka 100.

Baada ya masaa mawili chupa ya kitambaa ilikuwa imepoa vizuri, nikaanza kushangilia, rumeti wangu kitandani hata hajainua kichwa akasema "labda kitambaa tu kinazuia joto." Nilikasirika maana alikuwa sahihi. Nilikuwa nimebadilisha vitu viwili kwa mpigo, kitambaa na maji. Kwaiyo sheria ya tatu, na hii ikariri hata kama mengine utasahau: badilisha kitu KIMOJA tu. Kesho yake nikaweka chupa tatu, uchi, kitambaa kikavu, kitambaa kilicholowa. Na kabla ya kuanza andika utabiri wako kwa peni, sio penseli, maana ubongo ni mjanja, ukishaona majibu unajiambia nilijua tu.

Zote zilianza nyuzi 27. Masaa mawili baadae ya uchi 28, ya kitambaa kikavu 27 na kitu, ya kitambaa kilicholowa 22. Nikarudia siku tatu, sio mara moja, mara moja ni bahati. Likizo ya Krismasi nikabeba kila kitu mpaka kitambaa chenyewe kwenda Dar, kwa bibi, dirisha lenye kivuli, maji ya kitambaa kilicholowa yakaanza 30 yakaishia 27 na nusu. Nyuzi tano Dodoma, mbili na nusu Dar.

Hapo ndo sasa unaruhusiwa kuuliza kwanini, na hapo ndo bando la intaneti na kitabu cha fizikia vinaingia. Maji yakikauka yanaondoka na joto, na joto lenyewe ni jingi kuliko unavyodhani. Gramu moja ikigeuka mvuke inabeba kama jouli 2,400 (jouli ni kipimo cha nishati), wakati kushusha gramu moja ya maji nyuzi moja unahitaji jouli 4.2 tu. Piga hesabu, gramu moja ikikauka, kama joto lote imelitoa kwenye maji yaliyobaki, inaweza kushusha gramu 100 karibu nyuzi 6. Udongo wa mtungi una vitundu vidogo vidogo, maji yanapenya yanatokea nje (lile jasho), upepo unayakausha. Dodoma hewa kavu inameza mvuke haraka, Dar hewa imeshashiba unyevu wa bahari, hata nguo zilizofuliwa zinachelewa. Ndo maana hata sisi wenyewe Dar jasho halitupoozi, linatulowesha tu.

Kidogo kuhusu kuuliza watu. Kabla ya mwalimu muulize anayefanya hiyo kazi kila siku, kama Mpemba na yule wa aiskrimu. Mama mwenye nyumba aliniambia mtungi mpya unapoza kuliko wa zamani, na kwamba anausugua kwa nje kila baada ya muda, hiyo sikuikuta kwenye kitabu nilichokuwa nacho ila inaingia akilini kabisa, vitundu vikiziba jasho halitoki. Kwa mwalimu nenda na namba zako. Ukienda mikono mitupu utaambiwa soma kwanza topiki, ukienda na jedwali la siku tatu hata mwalimu mkali anavuta kiti.

Kama huna swali la kuanzia chukua kufuli. Lifunge kwenye uzi, toka unapofunga mpaka katikati ya kufuli iwe mita moja, lining'inize, lisukume kidogo tu, hesabu kwenda na kurudi mara 20 ukitumia stopwachi ya simu. Utapata kama sekunde 40. Sasa tabiri, ukifunga makufuli mawili litaenda haraka zaidi? Andika kwa peni! Alafu punguza uzi uwe sentimita 25 uone kinachotokea kwenye muda. Sikuambii.

Uko Dar? Simamisha kijiti wima kwenye uwanja mwanzoni mwa mwezi wa tatu au karibu na tarehe 10 mwezi wa kumi, utaona kivuli kinaisha kabisa kwa sababu jua liko utosini. Ila usikae saa sita kamili ukategemea, kwa Dar inachelewa, mwezi wa kumi ni kama sita na dakika kumi, mwezi wa tatu inapita kidogo sita na nusu. Kwanini hazifanani, hilo nakuachia. Na walioko Mbeya mnaolalamika maharage hayaivi, mko kama mita 1,700 juu ya bahari, maji yenu yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, mkaa wenu hauna kosa.

Vitu vya kutogusa: umeme wa ukutani, na usichanganye kabisa jiki na dawa ya choo yenye asidi kuona itakuwaje, inatoa gesi ya klorini na bafu zetu hizi hazina hata dirisha. Glasi yenye maji ya moto usiiingize kwenye friza, inaweza kupasuka.

Sasa kuna kitu sijakwambia. Ile Krismasi nimekaa sebuleni kwa bibi najisifia nyuzi tano kwa mbili na nusu, nikauangalia ule mtungi vizuri kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe. Umepakwa rangi ya mafuta. Kijani chote, na maua mekundu, babu aliupaka zamani upendeze. Rangi ya mafuta, maana yake vitundu vyote vimezibwa, mtungi wa bibi hautoki jasho hata tone. Kwaiyo muda wote nilikuwa nalinganisha miji miwili NA mitungi miwili, vitu viwili kwa mpigo, kosa lilelile la chupa. Chupa zangu zimenijibu kuhusu mji, sawa, ila ni kiasi gani ni hewa ya Dar na kiasi gani ni maua ya babu bado sijui.

Nikamwomba bibi nikwangue rangi upande mmoja tu. Akaniambia mjukuu wangu, nikifa utakwangua. Basi nimenunua vyungu viwili vidogo sokoni, vya ukubwa mmoja, kimoja nimekipaka rangi jana jioni nje na ndani ya mdomo. Bado inanata.