SOMO: Upanga wa Kiskoti wa nakala – kuuchagua, kuuvaa, na kwa nini unaota kutu ndani ya ala

Swali la "nimenunua upanga wa kuvaa na kilti, mbona umeota kutu na hata sijautumia" (kilti ni ile sketi ya kiume ya Kiskoti) limejirudia mno, na jibu ni lile lile. Naliweka hapa pamoja na mengine yanayoulizwa kila mara. Tafadhali soma mpaka mwisho ndipo uulize.

Hatua ya 1: Jua unachoagiza. Jina "kleimo" limetoka kwenye Kigaeli, claidheamh mòr, yaani upanga mkubwa, na linabeba vitu viwili tofauti. Kuna ule wa mikono miwili, wa karne ya 16, wenye vikingio vilivyoinamia upande wa ncha na mwishoni vina vipete vinne kama ua. Halafu kuna ule wa mkono mmoja, mpini wake umefunikwa na kikapu cha chuma, uliotumiwa kwenye vita vya Culloden, Uskoti, tarehe 16 Aprili 1746. Wa kuvaa na kilti ni huu wa kikapu. Ule mwingine ni wa ukutani, usihangaike kuutafutia mkanda.

Hatua ya 2: Amua kazi yake. Ukuta, vazi au mazoezi. Chuma kisichoshika kutu kinatosha kwa ukuta na vazi, lakini ubapa mrefu wa chuma hicho ukigonga kitu kwa nguvu unaweza kukatika na kuruka. Mazoezi yanataka chuma cha springi, makali butu na ncha ya mviringo.

Hatua ya 3: Uliza habari za msuka, yaani mkia wa ubapa unaoingia ndani ya mpini, kabla hujalipa. Msuka uwe mpana, upite katikati ya mpini mpaka kwenye kirungu cha mwisho, na ukomee hapo kwa kupigwa nyundo au kwa nati. Ukiambiwa kuna skrubu nyembamba iliyochomelewa kwenye ubapa, huo ni wa ukutani tu, kwa sababu hukatikia kwenye ile chomeo. Muuzaji asiyejua jibu, mwache. Nakala nzuri ina ubapa wa sentimita 80 hadi 85 na uzito wa kilo 1.2 hadi 1.5. Ikizidi kilo 1.8, mtengenezaji ametumia bamba nene, na utaisikia begani kabla harusi haijafika kwenye chakula.

Hatua ya 4: Pima kikapu kwa mkono uliovaa glavu. Vifundo vya vidole visiguse chuma.

Hatua ya 5: Futa grisi ya kiwandani kwa kitambaa na spiriti.

Hatua ya 6: Ala ni ya kuvaa, si ya kuhifadhia. Hapa ndipo panga nyingi huharibika, na hapa ndipo niliharibu wa kwangu wa kwanza, kwa hiyo naeleza kwa urefu.

Ngozi ya ala imelainishwa kwa dawa zenye asidi, na ngozi yenyewe hunyonya unyevu wa hewa na kuushikilia. Ukiuacha upanga humo kwa wiki kadhaa, unyevu na asidi vinakaa vimeulalia ubapa bila hewa kupita. Kutu haianzi kwa wekundu unaoonekana. Inaanza kwa vidoa vyeusi vidogo kama vya kalamu, na ukivifuta unakuta vishimo. Vishimo havirudi. Ukisema uvisugue viishe, unapunguza ubapa mzima na kufuta mistari ya mifuo, ile mifereji ya ubapa.

Kosa la pili ni kudhani mafuta mengi ndiyo kinga. Yanayozidi hunyonywa na ngozi. Ngozi inalegea, inajikunja ndani na kuanza kuung'ang'ania upanga wakati wa kuuchomoa.

Kwa hiyo: kausha ubapa, paka mafuta ya cherehani matone matatu au manne kila upande, kisha ufute mpaka kitambaa kitoke karibu kikavu. Uhifadhi upanga nje ya ala, kwenye kitambaa cha pamba, mbali na ukuta wa nje wa nyumba. Ukague kila mwezi. Anayekaa Mombasa, Tanga au Unguja akague kila wiki mbili, maana hewa ya chumvi haina subira. Usipake mafuta kwenye ngozi ya samaki iliyozungushiwa mpini, hubanduka gundi. Na kila ukishaushika ubapa kwa mkono mtupu, futa siku hiyo hiyo, jasho lina chumvi.

Kutu changa: mafuta na pamba ya chuma laini kabisa, ukisugua kwa urefu wa ubapa. Ukisugua kwa kukingama, mikwaruzo itaonekana kutoka mlangoni.

Hatua ya 7: Kuvaa. Mkanda upite bega la kulia, upanga ukae nyonga ya kushoto. Kikapu kiwe usawa wa mshipi, ncha ielekee nyuma kwa mshazari. Mkanda ushike ala sehemu mbili; ukishika sehemu moja, upanga utakupiga magoti. Jambia refu, dirki, hukaa kulia kwenye mshipi. Kile kisu kidogo, skiandu (sgian dubh, "kisu cheusi"), huchomekwa kwenye soksi ya kulia, au ya kushoto kwa anayetumia mkono wa kushoto, kichwa cha mpini tu kikionekana. Ukitaka kuketi, vua upanga kwanza.

Wakati wa kuchomoa, shika mdomo wa ala kwa pande zake bapa. Usizungushe vidole upande wa makali: ubapa hukata mshono wa ngozi na kuvifikia.

Hatua ya 8: Sheria. Uingereza, kuwa na kitu chenye makali hadharani ni kosa, ila sheria inakubali utetezi wa vazi la kitaifa: sheria ya 1988 kwa England na Wales, ya 1995 kwa Uskoti. Skiandu kwenye soksi ukiwa umevaa kilti ni vazi. Kisu kile kile mfukoni mwa jinzi si vazi. Kwenye ndege, vyote viende kwenye mzigo wa chini. Wa kuagiza nyumbani, ulizeni forodha kabla ya kulipa.

MASWALI

Kisiki: Mkuu bei gani, na unafaa kukatia migomba?
Jibu: Siuzi. Migomba ina panga lake. Soma hatua ya 2.

Bwana Tarishi: Mimi natumia mafuta ya alizeti mwaka wa tatu na sijaona shida. Unatisha watu bure.
Jibu: Simtishi mtu. Mafuta ya alizeti hukaa yakaganda kama gundi, yanashika vumbi, na vumbi linashika maji. Pitisha ukucha karibu na mpini uone kama hakuna utando wa njano.

Bi Zuhura wa Aberdeen: Je, ya nazi?
Jibu: Hayagandi kama gundi, lakini chini ya nyuzi 24 yanakuwa mgando, na Aberdeen hiyo ni karibu mwaka mzima. Tena yakichacha huitia shaba ukijani. Baki na ya cherehani.

Kisiki: Sasa ala niliyopewa niitupe?
Jibu: Hapana. Ivae. Hatua ya 6.

Mwanagenzi: Nakala yangu ina maandishi ANDREA FERARA kwenye mfuo. Ndiye fundi?
Jibu: Swali zuri. Lilianza kama jina la fundi wa Italia wa karne ya 16, kisha likawa alama ya ubora, kila mtu akaipiga na kuiandika anavyojua. Bapa nyingi za Waskoti zilitoka Solingen, Ujerumani. Vikapu ndivyo vilivyofuliwa kwao, Glasgow na Stirling hasa. Tazama kama kuna mbwa mwitu anayekimbia aliyechorwa kwa mistari michache: ni alama ya Passau, mji mwingine wa Ujerumani, Solingen wakaichukua. Bapa za Kijerumani zilifika pia Oman, zikatiwa mipini ya huko, zikawa panga nyoofu za kuchezea razha, ngoma ya panga ya huko. Ukipata nafasi ya kushika huo wa Oman, linganisha unyumbukaji: wake ni mwembamba, huchezeshwa mpaka ulie. Wa Kiskoti ni mgumu zaidi.

Mwanagenzi: Na kitambaa chekundu ndani ya kikapu?
Jibu: Ni bitana ya kukinga vifundo vya mkono visigonge chuma. Huwa ya ngozi ikifunikwa kwa kitambaa. Itoe mara mbili kwa mwaka, maana nyuma yake jasho hujificha na kikapu huota kutu kwa ndani.

Bi Zuhura wa Aberdeen: Nyongeza: ukumbi wa mwanangu ulikataa visu. Tulipata skiandu zenye ubapa wa plastiki, mpini ni ule ule.
Jibu: Ahsante, mama. Wenye watoto wachukue hiyo. Soksi ikilegea, bana mpini kwa lastiki ya garta (kishikio cha soksi), si kwa pini. Pini hutoboa sufu.