Chembe za nano za fedha kwa majani ya mwarobaini: kuzipika, na kujua kama kweli umezipata

Kila muhula wa pili ukianza, kuna mwanafunzi atakayebisha hodi maabara ameshika mfuko wa kaki uliojaa majani ya mwarobaini. "Shikamoo Madam. Nimekuja kutengeneza nano." Marahaba, karibu. Mimi ni fundi sanifu wa maabara ya kemia hapa Morogoro, na kazi hii nimeirudia mara nyingi kiasi kwamba naijua kwa harufu. Kupika chembe za nano za fedha ni rahisi kuliko kupika pilau. Shughuli iko kwenye kujua kama umezipata, na hapo ndipo ripoti nyingi zinazopita mezani kwangu huanza kuyumba. Kwa hiyo nitakwenda haraka kwenye kupika na polepole kwenye kupima.

Nikisema fedha humu, nina maana ya madini, ile ya hereni na mikufu. Ile nyingine hatuna.

Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Unywele wako una unene wa nanomita 80,000 hivi, na chembe tunazozitafuta zina nanomita 10 hadi 50. Faida yake nini? Chukua mchemraba wa fedha wa sentimita moja kila upande. Nyuso zake zote sita zina eneo la sentimita za mraba 6. Ukikatekate uwe michemraba ya nanomita 10, fedha itabaki ile ile, gramu kumi na kidogo, lakini eneo la nyuso litafika mita za mraba 600. Hicho ni kiwanja cha 20 kwa 30, unajenga nyumba na unabaki na bustani. Kemia hutokea kwenye uso wa kitu. Ndiyo maana chipsi huiva upesi kuliko kiazi kizima, na ndiyo maana yale masega ya kwenye bomba la moshi la gari, ambayo watu huyanunua kwa bei ya kushangaza, hupakwa platinamu na paladi katika chembe ndogo mno: madini kidogo, uso mkubwa.

Maji kwanza

Mara ya kwanza nilipojaribu kazi hii, maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha kurudishwa maji safi, yalikuwa yamekwisha. Nikajiambia maji ya bomba si yanaonekana masafi? Nikatia naitreti ya fedha, ile chumvi inayotupatia fedha yenyewe, na bika zima likawa tui la nazi. Maji ya bomba yana kloridi, na kloridi ikikutana na fedha hufanya chumvi nyeupe isiyoyeyuka. Naitreti ya fedha ni ghali; siku hiyo nilimwaga nauli ya wiki.

Tangu hapo sianzi bila jaribio la tone. Chukua maji kidogo unayotaka kuyatumia, weka kwenye mrija, dondosha tone moja la naitreti ya fedha, kisha shika mrija mbele ya kitambaa cheusi. Yakibaki angavu, endelea. Yakiweka hata ukungu kidogo, achana nayo. Maji ya betri ya kituo cha mafuta wakati mwingine hufaulu jaribio hili, ila soma kibandiko vizuri, kwa sababu kuna chupa zinazofanana nayo kabisa ndani yake mna asidi.

Suuza vyombo kwa maji hayo hayo pia. Jasho la vidole nalo lina chumvi. Vaa glavu, usije ukatoka na vidole kama umepakwa piko. Weusi wa naitreti ya fedha hautoki kwa sabuni, unasubiri ngozi ijibadilishe yenyewe.

Supu na mmumunyo

Pima gramu 20 za majani mabichi. Yaoshe kwa maji ya bomba kutoa vumbi la barabarani, kisha suuza mara mbili kwa maji yaliyofaulu jaribio. Katakata kama mchicha, tia kwenye mililita 100 za maji, weka kwenye jiko la umeme nyuzi 70 hadi 80 kwa dakika 20. Usiache yatokote kwa fujo. Acha ipoe, kisha chuja kwa karatasi ya chujio, si kwa kitambaa wala chujio la chai. Tunaiita supu. Ina rangi ya chai ya rangi iliyozidishwa maji, na uchungu wake utausikia kooni kwa mvuke tu. Kwenye friji hukaa siku chache. Ikianza kunuka vingine au kuweka utando, mwaga.

Naitreti ya fedha tunaitumia kwa kiwango cha milimola 1 kwa lita, yaani gramu 0.17 katika lita moja. Mizani yetu nzuri ikiwa imeharibika, hubaki ile inayosoma desimali mbili tu, na kupimia gramu 0.02 kwenye mizani ya namna hiyo ni kubahatisha. Pima gramu 0.17 katika mililita 100, kisha chukua mililita 10 za huo mmumunyo uongeze maji hadi 100. Hifadhi kwenye chupa ya kahawia au funga foili ya jikoni, maana mwanga peke yake huigeuza fedha.

Sasa changanya. Mililita 90 za mmumunyo, tia mililita 10 za supu, tone kwa tone, huku unakoroga. Joto la nyuzi 60 huharakisha. Bila joto huenda ukasubiri mpaka kesho. Rangi huanza kama maji ya limau, inakuwa asali, halafu chai ya rangi iliyokolea. Andika saa kila inapobadilika.

Kinachotokea ni hiki. Ioni za fedha zilizo kwenye maji zimepungukiwa elektroni. Kemikali za majani, zikiwemo flavonoidi na jamii zake, huzipa ioni elektroni hizo, na fedha inarudi kuwa metali, atomu kwa atomu, zikijikusanya. Kemikali hizo hizo huzivika chembe koti ili zisigandane. Rangi ya kahawia-njano inatokana na elektroni za chembe kutikisika pamoja na mwanga: hunyonya ule wa zambarau na bluu, kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 400 hadi 450, na macho yako yanabakiwa na masazo.

Chupa tatu

Wanafunzi wengi hupiga picha chupa ya kahawia, wakaandika "chembe za nano zimepatikana", wakaenda kula. Lakini supu yenyewe ni ya kahawia! Ukiipasha moto na kuiacha hewani inazidi kukolea. Kwa hiyo hapa kwangu hakuna anayechanganya kabla hajapanga chupa tatu mezani. Ya A ina naitreti ya fedha na maji, bila supu. Ya B ina supu na maji, bila fedha. Ya C ndiyo mchanganyiko. Zote kwa vipimo vilevile, joto lilelile, foili ileile. A ikigeuka, mwanga au uchafu umefanya kazi yako. B ikikolea sawa na C, huna kitu.

Mwanafunzi mmoja alinilalamikia kwamba chupa mbili za ziada zinamwongezea kazi. Nikatoa kwenye droo kipimo cha haraka cha malaria kilichokwisha kutumika, nikamwuliza hiyo rangi nyekundu ya mstari ni nini. Akasema damu. Si damu. Ni dhahabu. Chembe za dhahabu za makumi machache ya nanomita huwa nyekundu kama divai, na ndani ya kile kipande cha plastiki zimefungwa kingamwili inayoshika protini ya kimelea cha malaria. Tone la damu na maji ya kipimo huzisomba kwenye karatasi. Kimelea kikiwepo, chembe zinanaswa kwenye mstari wa kwanza, zinarundikana hadi jicho linaona. Zilizobaki husonga hadi mstari wa C, ambao kwenye kipimo hicho ni wa ulinganisho, na kunaswa hapo, kimelea kiwepo kisiwepo. Mstari wa C usipotokea, mhudumu wa zahanati anatupa kipimo na kuchukua kingine, hata mgonjwa awe anatetemeka vipi. Zahanati ya kijijini haisomi kipimo kisicho na ulinganisho, wewe wa shahada unataka kusoma? Alipanga chupa zake tatu.

Mimi mwenyewe nimewahi kuumbuka. Kwa miaka nilikuwa nazima taa, napitisha mwale wa leza ya kuelekezea ubaoni ndani ya chupa ya C, njia ya mwanga inaonekana kama uzi, nami nawaambia: mnaona, chembe hizo. Siku moja msichana wa mstari wa nyuma akachukua leza akaielekeza kwenye chupa ya B. "Madam, na hii mbona nayo inang'aa?" Bila shaka inang'aa, supu ya majani ina vipande vidogo vya kila aina, navyo hutawanya mwanga. Leza inakuambia kuna chembe za kitu fulani. Haikuambii ni fedha.

Kinachosema zaidi ni spektrofotomita, mashine inayochora grafu ya mwanga ulionyonywa kwa kila urefu wa wimbi. Punguza sampuli kwa maji mara kumi, la sivyo mashine inagonga dari. Sifuri yako iwe chupa ya B iliyopunguzwa vilevile, si maji matupu. Ukipata kilima kwenye grafu katikati ya nanomita 400 na 450 ambacho A haina, sasa tunaweza kuzungumza. Kilima chembamba kinaashiria chembe za ukubwa unaokaribiana. Kikiwa kipana na kimeegemea upande wa nyekundu, chembe ni kubwa au zimeanza kushikana. Ukubwa wenyewe, kwa namba, unahitaji hadubini ya elektroni, na sampuli itabidi isafiri. Usiandike "nanomita 20" kwenye ripoti kwa sababu umeisoma kwenye ripoti ya mwenzako.

Wanaotaka kuonyesha kwamba chembe zao zinaua bakteria waende maabara ya mikrobiolojia, na waende na chupa zote tatu. Fedha ambayo haikugeuka bado imo kwenye maji kama ioni, na ioni za fedha ni wauaji wa siku nyingi. Madaktari walikuwa wakidondoshea watoto wachanga machoni naitreti ya fedha tangu miaka ya 1880. Ule mduara usioota bakteria kwenye sahani ya kuoteshea unaweza kuwa kazi ya ioni tupu. Ndiyo maana chembe huoshwa kwanza: zizungushe kwenye mashinepewa (centrifuge), inayozungusha mirija kwa kasi hadi chembe zishuke chini, ya mizunguko 10,000 kwa dakika au zaidi, mwaga maji ya juu, ongeza mapya, rudia. Ile ya kuzungushia damu, ya mizunguko 4,000, itakupotezea asubuhi.

Usinywe

Lazima niandike, kwa sababu huulizwa kila mwaka. Mwarobaini hutibu magonjwa arobaini, ukiongeza fedha si yatakuwa arobaini na moja? Hapana. Fanya hesabu: mchanganyiko wako una miligramu 97 hivi za fedha kwa lita. Miongozo ya maji ya kunywa ya Shirika la Afya Duniani imetaja miligramu 0.1 kwa lita kama kiasi kinachovumilika pale fedha inapotumika kusafishia maji. Umezidi karibu mara elfu. Wanaokunywa fedha kwa muda mrefu, na mtandaoni inauzwa kama dawa, ngozi zao hugeuka rangi ya kijivu na bluu, na hairudi.

Vichujio vya maji vyenye fedha ni habari nyingine. Chungu cha udongo uliochanganywa na maranda, kilichobuniwa Guatemala mwaka 1981, hupakwa fedha kidogo inayobaki ukutani mwa chungu huku maji yakipita. Na Arusha, Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela alitengeneza kichujio cha mchanga na vifaa vya nano kinachoweza kulengwa kwa uchafu wa mahali husika, floraidi ikiwemo. Mwaka 2015 kilimpatia tuzo ya Africa Prize ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Vitu kama hivyo vimepimwa maji yanayotoka. Chupa yako ya C haijapimwa.

Kusafisha meza

Hakuna kinachokwenda kwenye sinki. Fedha ni sumu kali kwa samaki na wadudu wa majini, na mabwawa ya majitaka yanategemea bakteria ambao ndio hao hao ulikuwa unajisifu kuwaua. Tuna ndoo yenye kifuniko imeandikwa TAKA ZA FEDHA. Mimina humo, tia kijiko cha chumvi ya mezani, na fedha iliyobaki kama ioni itashuka chini nyeupe, halafu itageuka zambarau ya kijivu ikipigwa na mwanga. Ndoo ikijaa tunaikabidhi pamoja na taka nyingine za metali. Usikaushe chembe na kuzisaga ziwe unga. Zikiwa kwenye maji zinatulia, zikiwa vumbi zinaingia mapafuni.

Chupa unayoihifadhi iandike tarehe, mti majani yalikotoka, na kama mvua zilikuwa zimenyesha. Majani ya mwarobaini ulio nyuma ya bwalo hunipa rangi ndani ya nusu saa mwezi wa nne. Ya mwezi wa tisa hunisubirisha hadi baada ya chakula. Ifunge foili, weka kwenye friji. Siku ukiishika na kuona chini kumetuama tope jeusi, na ukutani mwa kioo kumejiweka utando unaong'aa kama kioo cha kujitazamia, koti limevuka na chembe zimeshikana. Kutikisa hakutazirudisha. Peleka kwenye ndoo.