Jinsi ya kuitambua plantago ya manyoya kwenye mbuga kavu

Plantago ya manyoya, yaani Plantago patagonica, ni mmea mdogo wa porini; huota kuanzia magharibi mwa Kanada hadi Meksiko, kisha hupatikana tena Argentina na Chile. Mimi huitafuta kwenye mbuga ya nyasi fupi ya Pawnee, jimbo la Colorado, Marekani. Wazungumzaji wa Kiingereza huiita plantain, jina lile lile la ndizi za kupika, lakini haina udugu wowote na mgomba.

Hatua ya 1: Piga magoti. Mara nyingi haizidi shibiri, na ukiwa umesimama utaipita tu. Tafuta penye mchanga au changarawe, kando ya vijia, pale nyasi zilipoachana. Utaona kitu cha rangi ya fedha.

Hatua ya 2: Shika majani. Yote hutoka chini kabisa; bua la maua halina jani hata moja. Ni membamba, yana vinyweleo virefu na laini. Ukikuta majani mapana yenye mishipa iliyotuna, hiyo ni plantago nyingine.

Hatua ya 3: Chunguza suke, na hapa usiwe na haraka. Mwanzoni nilitazama manyoya peke yake, nikaandika jina lisilo sahihi mara nyingi. Toa kioo cha kukuzia. Kila ua lina petali nne nyembamba kama karatasi, karibu uone upande wa pili. Chini ya ua kuna jani dogo sana liitwalo brakti. Kwa patagonica, brakti hufichika ndani ya manyoya au huchomoza kidogo tu, hasa sehemu ya chini ya suke. Kwa jamaa yake, Plantago aristata, brakti hurefuka mno, suke likaonekana lina ndevu kama ngano. Ukiwa kusini zaidi, mathalani Arizona, jihadhari na Plantago ovata, ile ambayo maganda ya mbegu zake huuzwa kama dawa ya choo kigumu: brakti zake ni pana, zina ukingo mweupe kama utando, na suke halina manyoya mengi hivyo.

Hatua ya 4: Fungua tunda lililokauka. Hukatika katikati, nusu ya juu ikatoka kama kifuniko cha chungu. Ndani mna mbegu mbili zilizobonyea upande mmoja, mithili ya mtumbwi. Zikilowa hutoa ute kama bamia, ila jamaa zake wengi hufanya hivyo, kwa hiyo ute haukuthibitishii aina.

Hatua ya 5: Piga picha, usiung'oe. Mmea huu huishi msimu mmoja, na mbegu ndizo zitakazourudisha mwakani. Piga mmea mzima pamoja na rula, kisha suke kwa ubavu, karibu kiasi cha brakti kuonekana.