Shika daftari kabla ya penseli: kupanga nyumba ya kilimani Mwanza

Nachora ramani za nyumba hapa Mwanza, na kazi nyingi zinazonijia ni za vilimani: Mabatini, Bugarika, Isamilo. Mtu anafika na karatasi ya kiwanja, na kiwanja chenyewe kina jiwe kubwa kuliko nyumba anayoitaka. Anategemea nishike penseli. Mimi nashika daftari.

Utaratibu huo nimeutoa kwa Minnette de Silva, msanifu majengo wa Sri Lanka, aliyezaliwa 1918. Chuo alichosoma Mumbai kilimfukuza kwa kushiriki mgomo wa kudai Gandhi aachiwe. Akaenda kumalizia London, na mwaka 1948 akawa mwanamke wa kwanza kutoka Asia kupokewa katika Taasisi ya Kifalme ya Wasanifu Majengo wa Uingereza. Akarudi kwao Kandy, mji wa milima kama wetu, akafungua ofisi nyumbani kwa wazazi wake. Miaka ya 1950 akapewa mtaa wa Watapuluwa: nyumba zaidi ya 200 kwenye mteremko. Angeweza kuchora nyumba moja na kuirudia. Badala yake aliwapelekea watakaohamia orodha ya maswali, akachora baada ya kupata majibu.

Basi kaa na wenye nyumba wote, na zaidi ya wote anayepika. Muulize: unapika kwa mkaa au gesi? Dagaa unaanika wapi? Bomba likikatika, ndoo na madumu yanakaa wapi? Kukiwa na msiba, watu watalala wapi? Kuna mzee asiyeweza ngazi? Akikujibu "nataka nyumba nzuri tu", usiandike. Nenda anakoishi sasa, umwombe akuonyeshe.

Nasisitiza kwa sababu niliwahi kuliruka hili. Mama mmoja wa Mabatini, wa umri wa mama yangu, nikimwita Mayu, nilimwekea jiko upande wa magharibi ili dirisha lione ziwa. Nililipenda sana dirisha lile. Miezi michache baada ya kuhamia akaniita saa 11 jioni, akanipa kigoda nikae pale anapokaa kupika. Jua lilinipiga usawa wa macho, jiko la mkaa miguuni, jasho likashuka mpaka shingoni. Hakunisema hata neno moja. Alikuwa ameshatundika kanga dirishani, na ziwa halionekani tena.

Kwa hiyo nenda kiwanjani mara mbili, asubuhi na jioni, ukasimame. Sisi tuko karibu na ikweta: jua la mchana liko juu, na upenu wa futi 3 unatosha kulizuia kwenye kuta za kaskazini na kusini. La asubuhi na la jioni huja chini, upenu haulifikii. Kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini. Kuta fupi ndizo zipokee mashariki na magharibi. Ugumu wa Mwanza ni kwamba viwanja vingi vina ziwa upande wa magharibi, na mchana upepo hutoka ziwani. Ukiziba, umeuzuia upepo. Ukifungua, umekaribisha jua. Weka baraza pana upande huo, au ukuta wa matofali ya matundu. Jane Drew, msanifu majengo Mwingereza aliyefanya kazi Ghana na Nigeria tangu miaka ya 1940, alitumia sana kuta za matundu za namna hiyo.

Sasa mawe. Chimba pembeni ya kila jiwe mpaka uone limeshikana na mwamba au limekalia udongo. Lililokalia udongo usilitwishe ukuta, na lililokaa juu ya jiwe jingine muite mhandisi kabla ya fundi. Lililoshikana na mwamba liache. Naumia nikiona watu wanakesha wakilichoma moto ili lipasuke, wakati lingeweza kuwa ukuta wa nyuma wa baraza. Mvua kubwa ikinyesha, vaa mabuti uende uone maji yanapita wapi kati ya mawe. Njia hiyo usiijengee. Chimba mtaro upande wa juu wa nyumba uyaelekeze huko huko.

Kupima mteremko hakuhitaji mashine. Chukua mpira wa maji unaopitisha mwanga, ujaze bila mapovu, mtu mmoja juu na mwingine chini, mweke alama ya usawa wa maji kwenye vigingi. Ukikuta tofauti ya mita 1.5 toka mwanzo wa nyumba hadi mwisho, usipandishe msingi kwa lori za mawe. Gawa sakafu mbili, sebule juu na vyumba chini, kwa ngazi chache. Nyumba ya Karunaratne, ambayo de Silva aliimaliza Kandy mwaka 1951, inashuka na kilima hivyo hivyo, na milango yake aliitia mikeka ya wafumaji wa huko. Nami natia mikeka kwenye milango ya makabati ya sebuleni. Jikoni moshi unaiharibu.

Ramani ikikamilika, ichore ardhini kwa vigingi na kamba ya katani, kabla fundi hajagusa sululu. Mpe anayepika ndoo ya maji kichwani, apite kutoka getini mpaka jikoni, ageuke, arudi. Akigusa kamba, sogeza vigingi, umwombe apite tena.