Kupima kina cha mwamba kwa nyundo na jiofoni 24

Kwenye ardhi ya granaiti kama ya Dodoma, kina cha mwamba mgumu hubadilika ghafla, na kisima kimoja cha majaribio hakisemi lolote kuhusu kilicho mita 20 pembeni yake. Njia nafuu ya kujaza pengo hilo ni mawimbi ya mtetemo wa pigo la nyundo yanayoshuka, yakapinda na kusafiri juu ya uso wa mwamba, kisha yakarudi juu.

Unahitaji sismografu (kifaa cha kurekodi mtetemo) ya chaneli 24, jiofoni (vihisi vya mtetemo vinavyochomekwa ardhini) za wima za hezi 10 au 14, kebo yake, nyundo ya kilo 8, bamba nene la chuma, swichi ya kufunga kwenye mpini wa nyundo ili kuanzisha rekodi wakati wa pigo, tepu na betri ya volti 12.

1. Mstari. Weka jiofoni kila mita 3. Jumla ni mita 69. Urefu uwe angalau mara nne au tano ya kina unachotafuta. Ardhi ikiwa na mteremko, pima mwinuko wa kila jiofoni: kwenye udongo wa kasi ya mita 500 kwa sekunde, nusu mita ni kosa la milisekunde 1.

2. Kusimika. Ondoa nyasi na udongo tifutifu, zamisha mwiba wote, jiofoni isimame wima. Kebo isiiguse; upepo ukiitikisa, kelele inaingia moja kwa moja.

3. Mipangilio. Sampuli kila milisekunde 0.25, rekodi milisekunde 500. Usirekodi kwa kichujio. Kuchuja hufanywa baadaye, kwa sababu kichujio huweza kusogeza mwanzo wa wimbi.

4. Kupiga. Piga sehemu saba: mita 15 nje ya kila ncha, kwenye ncha zote mbili, na tatu ndani ya mstari. Jumlisha mapigo, mapigo 9 huimarisha ishara mara 3 dhidi ya kelele. Watu wasimame tuli, lori lipite kwanza. Kabla ya kujumlisha, linganisha mapigo mawili ya kwanza: yakipishana, kagua waya wa swichi, maana ndipo hukatika mara nyingi. Bamba likirukaruka, lisogeze penye udongo imara.

5. Kusoma. Weka alama pale mchoro wa kila jiofoni unapoanza kuacha sifuri, yaani wimbi linapofika, si kileleni. Jihadhari na sauti ya hewani, takriban mita 340 kwa sekunde: kwenye mchanga mkavu sana inaweza kuwahi kabla ya wimbi la ardhini. Kisha linganisha muda wa wimbi kutoka ncha A kwenda B na wa B kwenda A. Ukipishana zaidi ya milisekunde 2, rudi kwenye alama zako kabla ya kupiga hesabu yoyote.

6. Hesabu. Chora muda wa wimbi kufika dhidi ya umbali kutoka kwenye pigo. Tuseme udongo una kasi ya 500, mwamba 4,500, na mistari miwili ya grafu, wa udongo na wa mwamba, inakatana kwenye mita 20. Kina ni nusu ya umbali huo mara kipeuo cha pili cha (4,500 − 500) ÷ (4,500 + 500), yaani 10 × 0.894: karibu mita 8.9.

Kasi ya karibu 1,500 isikuharakishe kuandika "mwamba uliooza". Udongo uliojaa maji nao hutoa kasi hiyohiyo. Pima kina cha maji kwenye kisima cha jirani.

Mtego mbaya zaidi ni moramu iliyoganda juu ya udongo laini. Tabaka hilo laini halionekani kabisa kwenye grafu, na mwamba utaonekana uko chini zaidi ya ulivyo. Hapo chimba shimo moja juu ya mstari, au rudia kwa jiofoni za hezi 4.5 ukichambua mawimbi ya juu ya ardhi, ambayo huona kasi inapopungua.