Programu ipi kwa baiskeli ya ndani, Dar es Salaam?

Programu hizi hukuonyesha barabara kwenye skrini huku ukikanyaga pedali nyumbani. Anza na MyWhoosh. Ni ya bure, hivyo utajua kama kompyuta yako inahimili michoro kabla hujalipia chochote. Zwift hulipiwa kila mwezi, ila ina umati: saa yoyote utapata wa kufukuzana naye. Rouvy huonyesha video za barabara halisi. Inapendeza mno, lakini inakula bando.

Mashine ya mazoezi inayoshikilia baiskeli na kutuma taarifa kwenye programu isipoonekana, mara nyingi ni Bluetooth: simu imeshaunganishwa nayo. Zima Bluetooth ya simu, chomoa mashine kwenye umeme sekunde 10, kisha iunganishe ndani ya programu yenyewe, si kwenye mipangilio ya kompyuta.

Kwa joto la Dar, feni kubwa ielekee kifuani. Tandika taulo juu ya usukani, maana jasho lina chumvi na boliti zake hushika kutu.